Mama Vifungo na Kitabu cha Watu wa Lifti

Mama Vifungo alianza kukiponda kitabu kile tangu ukurasa wa kwanza, na hakukiweka chini. Bintiye alikisahau mezani Ijumaa. Kufika Jumapili mchana mama mtu alikuwa anakisoma kwa mara ya pili, miwani puani, pasi imepoa, nguo za wateja zinamsubiri.

Kitabu chenyewe, jamani! Mwanamke na mwanamume wa ofisi moja wanagombea cheo. Wanatukanana kurasa mia mbili, umeme unakatika wakiwa kwenye lifti, na lo, wanapendana. Mama Vifungo akasonya. "Mtu akuite mjinga mbele za watu, halafu moyo ukuende mbio? Hiyo ni presha, mwanangu. Nenda kapimwe." Alimwambia hivyo yule mwanamke wa kitabuni, kwa sauti, kana kwamba yumo chumbani. Lakini sehemu ya lifti aliisoma mara tatu.

Kilichomkera hasa ni sura ya mwisho. Mwanamke anakiri kwamba ndiye aliyemchongea mwenzake kwa bosi, na mwanamume, hata kuuliza kwa nini hakuna, anamkumbatia. Hivi hivi tu? Mama Vifungo alitaka sana kujua, maana na yeye alikuwa na lake moyoni, la miaka ishirini na mmoja.

Yeye na mumewe walikutana kwenye karakana ya sare za shule. Yeye alishona vifungo, ndipo jina lilipotoka. Mume alikuwa mkataji vitambaa, na kunoa mikasi ya mafundi wote ilikuwa kazi yake pia. Hawakuiva chungu kimoja, nakwambia! Jamaa alimwita konokono mbele ya watu. Yeye akamrudishia mashati yenye mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, huku akisema kwa sauti nani kayakata. Siku moja akachukua karatasi ngumu ya kuchorea vipimo, akakata kipande kwa mkasi wake, akamwandikia bosi: mkataji wako anaharibu kitambaa. Jina hakuweka. Jamaa akaondolewa kwenye meza ya kukatia, akapelekwa kupiga pasi mwezi mzima. Ajabu ni kwamba mwezi huohuo jamaa akaanza kumsalimia kwa adabu, kumletea chai, kumfutia kiti. Mwaka uliofuata wakaoana, na ile barua Mama Vifungo hakuitaja kamwe.

Sasa mume alikuwa dirishani, anapinda suruali ya mteja. Mama Vifungo akamtazama kisogo. Akisema, huenda akaivunja nyumba yake kwa mdomo wake mwenyewe. Asiposema, hiki kitabu kitamtoa roho.

"Hebu nikuulize, mzee. Mwanamke akuchongee kazini, kisha mwoane, miaka ipite ndipo akwambie. Utamfanyaje?"

"Kama ile barua yako?" mume alisema, macho kwenye sindano.

Kitabu kikamponyoka. Moyo ulimwenda mbio kwelikweli.

"Ulijua?"

"Bosi alinionyesha. Mkasi wako ulikuwa na pengo, kila ukikata unaacha kijino pembeni. Nimeunoa miaka mitatu, nisiujue?"

"Na zile chai?" Miaka yote hiyo alizihesabu chai zile kuwa mapenzi.

"Niliogopa, mama. Nikasema huyu akiandika ya pili, nafukuzwa. Bora nimpoze."

"Kwa hiyo umenioa kwa woga!" Alikasirika, akataka kucheka, akajikuta anafuta machozi kwa shati la mteja.

"Chai ndiyo ilikuwa ya woga. Halafu siku moja ukaugua, hukuja kazini. Nikabaki na kikombe mkononi, nimezunguka karakana nzima nacho, sijui nimpe nani. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha."

Mama Vifungo akakiokota kitabu sakafuni. Kitabu hakikuwa na kitu kama hicho, hata ukurasa mmoja.

"Na huo woga," akauliza, "ulikuisha lini?"

Mume akachomeka sindano kwenye kola ya shati lake, akainuka kwenda kubandika maji ya chai.

"Nani kakwambia umeisha?"