Fundi Avunja Sakafu Aliyoimwaga Mwenyewe Ili Mchicha Uote

Kila neno mtakalosoma hapa ni kweli tupu. Mwandishi anaapa mkono juu, na mkono wenyewe ameunawa kwa sabuni. Kama kuna mahali habari itaonekana kubwa kuliko umbo lake, msomaji apumzishe macho kidogo kisha aisome tena.

Haya, tuingie kazini.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Fundi Zege amepiga magoti juu ya gunia, nyuma ya jengo la chama cha bustani. Anafanya jambo ambalo miaka thelathini na minne ya ufundi haikumfundisha: anagusa udongo bila kuugandamiza. Anatoboa kwa kidole, anadondosha mbegu mbili, anafunika kwa ncha za vidole. Halafu mkono wa kulia unainuka wenyewe, kiganja kimenyooka kama ubao, tayari kupiga.

"We!" mkewe anamkemea kutoka upande wa pili wa tuta, bila kugeuza shingo. "Nimeusikia huo mkono."

"Umeusikiaje na haujashuka?"

"Miaka ishirini na tisa ya ndoa, baba. Nausikia ukiwa bado unafikiria."

Mkono unashuka taratibu na kwenda kujificha mfukoni.

Fundi Zege ana miaka sitini na mmoja, na kazi yake ni sakafu. Mitaani hakuna anayemwita kwa jina lingine. Amemwaga sakafu za maduka, za zahanati, za vyumba vya kupanga visivyo na idadi. Sifa yake ni kwamba ukiweka gololi katikati ya sakafu yake, gololi itakaa hapo hapo mpaka iote ukungu.

"Siri ni kushindilia," anasema. "Watu wanadhani sakafu ni saruji. Saruji ni nguo tu. Sakafu ni udongo ulio chini yake. Ukiushindilia vizuri, hata ukipita na lori, hausemi kitu."

Miaka miwili iliyopita goti la kushoto liligoma. Daktari alimwonya apunguze kupiga magoti, na fundi wa sakafu asiyepiga magoti ni sawa na dereva asiyeshika usukani. Kazi ya siku sita kwa wiki ikashuka hadi siku mbili, na wiki nyingine hata siku moja haikuja. Akawa anashinda nyumbani akimfundisha mkewe kufagia.

"Kufagia!" anasema mama huyo, na anaweka jembe chini ili apate mikono yote miwili ya kuongelea na mwandishi. "Shemeji, andika hilo. Mtu anakaa kwenye kiti, anakuelekeza ufagio ushike pembe ipi. Nikasema huyu nisipomtafutia kazi, mmoja wetu atahama."

Yeye mwenyewe alikuwa amejiunga na chama cha bustani miaka mitatu kabla, na sababu yake ilikuwa mumewe huyo huyo. "Alisakafia ua wote wa nyumba. Nilitafuta mahali pa kuchomeka kitunguu kimoja nikakosa. Amesakafia hadi chini ya kamba ya nguo."

"Ulilalamika matope," Fundi anajitetea.

"Nililalamika matope. Sikulalamika ardhi."

Basi akamleta. Utaratibu wa chama ni rahisi: mtu anajitolea miezi mitatu, anafundishwa, na akifanya kazi vizuri anapewa tuta lake mwenyewe. Fundi alisema miezi mitatu ni mingi, yeye atahitaji wiki moja.

Wiki hiyo alikabidhiwa tuta la spinachi. Alilimwagia maji, akalitandaza, akaleta gogo lake la kushindilia, akashindilia kutwa nzima. Alimaliza kwa kupima usawa kwa pima maji. Miche arobaini na miwili ilisimama kwenye mstari uliopigwa kwa uzi, wanachama wakaja kupiga picha.

Siku ya nane miche yote ilikuwa imelala. Maji yalikaa juu ya tuta kama yaliyo kwenye sahani. Minyoo iliyokuwa chini ilijaribu kupanda, ikajigonga vichwa, ikarudi kuulizana kama kuna mlango wa nyuma.

Katibu wa chama, ambaye ndiye anayewafundisha wageni, ni mwalimu mstaafu wa hisabati anayejulikana kama Mama Hesabu. Alikuja na penseli, akaichomeka kwenye tuta. Penseli ikavunjika.

"Fundi, hapa umepanda au umezika?"

"Nimeandaa msingi, mwalimu."

"Wa ghorofa ngapi?"

Bustani nzima ilicheka. Fundi alicheka pia, kwa adabu, lakini jioni alimwambia mkewe kwamba kesho harudi. "Nilikuwa mtu ninayejua kazi," anakumbuka. "Goti lilinitoa kwenye kazi ninayoijua. Sasa nimekwenda kwenye nyingine naambiwa nimezika spinachi. Nikajiona sina pa kusimama."

Alirudi. Mkewe anasema alimwambia maneno mawili tu, na maneno yenyewe hayaandikiki gazetini.

Wiki hiyo hiyo ikaja habari ya ua wa nyuma. Jengo la chama zamani lilikuwa ghala la nafaka, na nyuma yake pana ua wa zege wa mita tisa kwa sita. Halmashauri ilikubali kuwapa wanabustani ua huo kwa sharti moja: ndani ya siku sitini, paonekane mboga inayoota ardhini, si kwenye ndoo wala kopo. Isipoonekana, ua utakuwa maegesho ya magari.

Mama Hesabu aliwaambia wanachama ukweli. Matuta yote ya mbele yalikuwa na wenyewe. Tuta lolote jipya, likiwemo la Fundi, litatoka kwenye ua wa nyuma au halitatoka kabisa.

"Nani atavunja zege?" akauliza.

Mkono ukapanda.

"Hiyo sakafu naijua," alisema Fundi. "Niliimwaga mimi, miaka ishirini na miwili iliyopita."

"Vizuri sana. Basi unajua udhaifu wake."

"Haina."

Na kweli haikuwa nao. Ilimchukua siku kumi na tisa, yeye na tindo, nyundo na mtalimbo, amekaa juu ya kigoda kidogo ili goti lisiguse chini. Alivunja mipini kumi na mmoja ya nyundo. Siku ya tatu nyundo iliruka juu kwa hasira, na iliposhuka wanachama walikuwa wameshakunywa chai. Kila kipande kilichong'oka, Fundi alikigeuza na kukiita ushahidi.

"Tazama kokoto zilivyokaa! Siku hizi nani anakuchanganyia hivi?"

"Fundi, unavunja au unajisifu?" wanachama walimuuliza.

"Naweza yote mawili."

Kwenye kona moja alikuta alama ya kiganja chake, aliyoibonyeza zege lilipokuwa bichi. Aliweka mkono juu yake. Vidole havikuingia tena, vifundo vimevimba. Mkewe alitaka wakibebe kipande hicho nyumbani, lakini Fundi alikwishainua nyundo.

"Cha nini? Mkono wenyewe ninao hapa."

Chini ya zege ulikuwako udongo wa kijivu, mgumu, usio na mdudu hata mmoja. Nani aliushindilia? Jibu mnalo. Alichimbua kwa sururu hadi kina cha nusu mkono, wanachama wakaleta mboji kwa toroli, wakachanganya. Siku ya ishirini na saba Fundi alipanda mchicha kwa mikono yake, peke yake, akakataa msaada.

Zikapita siku nne. Zikapita saba. Siku ya kumi na moja tuta lilikuwa bado jeusi, safi, na linameremeta.

Aliyegundua ni mkewe. Aliinama, akapitisha kidole juu ya udongo, kidole kikateleza.

"Baba," aliuliza polepole, "umepiga plasta?"

Alikuwa amepiga. Hakukusudia. Baada ya kufunika mbegu, mkono ulitafuta mwiko mfukoni, ukasawazisha tuta zima kama unavyosawazisha sakafu ya sebule. Mvua ikanyesha mara moja, jua likalikausha juu, likawa gamba, na mbegu zikafia humo.

Fundi alikaa juu ya toroli. "Nilisikia aibu, lakini si ya watu," anaeleza. "Mikono yangu ilinigeuka. Nilidhani ukishajua kazi moja vizuri, nyingine zinakuja zenyewe. Kumbe ile moja ndiyo inayozikataa nyingine."

Zilibaki siku ishirini na mbili. Wapo wanachama waliosema kazi apewe mwingine. Mama Hesabu alipiga mahesabu yake kwenye kiganja: mchicha unachomoza kwa siku tano, ukipandwa leo unawahi. Akamgeukia Fundi.

"Mwiko uko wapi?"

Akautoa. Mwalimu akaukabidhi kwa mke, mke akautia kwenye mkoba na kufunga zipu.

Asubuhi yote ile Mama Hesabu alimfundisha jambo moja. Chukua udongo mkononi, ukamate. Fungua kiganja, uguse kwa kidole. Ukivunjika, uko tayari. Ukibaki bonge, bado. Fundi alikamata na kufungua, akakamata na kufungua, hadi mwalimu akachoka kumtazama.

"Miaka yote nilikuwa naukamata ili ukae," anasema. "Mwalimu akaniambia, safari hii uache uondoke."

Alipanda upya kwa kidole kitupu. Siku ya tano asubuhi alifika kabla ya watu. Hakumwita mtu. Alirudi nyumbani, dakika ishirini kwa goti lile, akamkuta mkewe anaosha vikombe.

"Vaa viatu."

"Kuna nini?"

"Vaa viatu tu, mke wangu."

Walisimama mbele ya tuta. Mistari minane ya kijani, myembamba kama uzi, haikunyooka hata mmoja. Mama huyo anasema mumewe hakuitolea kasoro hata mstari mmoja, ndipo alipojua ameokoka.

Siku ya sitini afisa wa halmashauri alikuja na viatu vilivyong'arishwa na nondo nyembamba ya chuma. Mchicha ulikuwa umefika magotini. Afisa aliuzunguka, uso umekunjamana.

"Ua huu naufahamu. Zege lake haliingii hata msumari," alisema. "Mmemwaga udongo juu, mkapanda juu juu. Hiyo sio ardhi, hiyo ni sinia."

Mama Hesabu alifungua mdomo, lakini afisa alikwishainua mguu, akakanyaga katikati ya tuta ili apate pa kuchomekea nondo.

"SHUKA!" Sauti ilitoka kwa Fundi. "Usikanyage! Utaushindilia!"

Watu walitazamana. Afisa naye alishtuka, akataka kurudisha mguu, mguu ukakataa. Kiatu kilikuwa kimezama hadi kwenye kamba. Alipojiegemeza kwenye nondo, nondo ikaenda chini yote, na mkono ukaifuata hadi begani.

Afisa alitazama kiatu. Akatazama nondo. Akaomba karatasi asaini.

Tuta la kwanza la ua wa nyuma sasa ni la Fundi Zege. Kazi za sakafu anazo bado, siku mbili kwa wiki, tatu akibahatika. Siku zilizobaki yuko hapa, na kila Jumamosi Mama Hesabu humkabidhi wageni awafundishe somo moja tu, la kukamata udongo na kuuachia.

Mpango wake ni kuwaleta mafundi wenzake waliochoka magoti. Anawahesabu kumi na wawili, wote wanashinda nyumbani wanafundisha wake zao kufagia. Watatu wameshakuja kutazama. Halmashauri imetoa pia ua wa pembeni, nao wa zege, na Fundi anataka uwe wa mafundi hao kabla mwaka haujaisha.

"Watakosea," anasema. "Watapiga plasta, nawajua. Lakini watamkuta mtu aliyekosea kabla yao."

Zege la pembeni alimwaga nani? Fundi anatabasamu. "Fundi mwingine. Hilo nalimaliza kabla ya chai."

Habari ingeishia hapo, lakini kabla haijapelekwa gazetini Mama Hesabu aliomba kuisoma. Alivaa miwani, akatoa kalamu nyekundu.

"Minyoo uliisikia wapi ikiulizana?"

Mwandishi alisema ilikuwa ni makisio.

"Mipini kumi na mmoja? Ni minne, risiti ninazo. Nyundo haikuruka popote. Mchicha wa siku ishirini na moja ufike magotini? Ulikuwa shibiri. Kiatu kilizama kisigino tu. Na mkono wa afisa haukuingia hata kidogo, iliingia nondo, nusu yake."

"Na gololi," akaongeza Fundi, ambaye kwa urafiki wote mwandishi alitegemea angenyamaza. "Kwenye sakafu yangu haioti ukungu."

"Saba," alisema Mama Hesabu. "Saba, na ameapa. Fundi, kifusi cha ua wa pembeni kinatolewa lini?"

"Leo, mwalimu."

"Toroli moja kwa kila uongo. Shemeji, vua koti."

Mwandishi alieleza habari za mgongo wake. Mke wa Fundi alimletea glavu.

Jua lilikuwa limeshapanda. Toroli la chama lina gurudumu moja linalopenda kwenda kushoto, na zege la yule fundi mwingine, pamoja na dharau zote za Fundi, lina uzito wake. Mama Hesabu alikaa kwenye kigoda na daftari. Mwandishi alimwaga mzigo, akafuta jasho, akatangaza kwa sauti ya mtu aliyemaliza:

"La saba hilo!"

Mama Hesabu hakuinua macho. "La tano," alisema, na kwenye daftari akafuta saba, akaandika nane.