Nilifua Nepi Mtoni, Nikasingizia Maziwa ya Kogo

Kosa ni langu. Sisemi ni shetani, sisemi ni umaskini, sisemi ni memsahib. Ni mimi! Mikono hii ndiyo iliyofanya, na mdomo huu ukaongeza uongo juu yake. 

Nilikuwa yaya kwa mzungu mmoja mwenye shamba la ngano upande wa Soy, safari ya asubuhi nzima kwa gari la ng'ombe kutoka mjini Eldoret. Nilitoka kwetu Maragoli nikiwa msichana. Nilikuwa nimesoma misheni mpaka darasa la nne, na nilijiona mtu kweli kweli. Nilivaa gauni jeupe na viatu. Kazi yangu ilikuwa kumlea mtoto wa memsahib, mke wa mzungu huyo, mvulana mnene wa miezi minane.

Mwanzoni kazi ilikuwa nyepesi. Mtoto alivalishwa nepi za karatasi zilizotoka Ulaya ndani ya makasha. Akichafua, unatoa, unatupa shimoni, unachoma. Basi! Hata hunusi sana.

Siku moja kasha likaisha, na memsahib akaniambia hakuna lingine linalokuja. Alikwenda mjini, akarudi na furushi la nepi za kitambaa kutoka duka la Mhindi. Nyeupe, nene, dazani mbili.

"Hizi hatutupi," akasema. "Utakwangua uchafu chooni. Utaloweka, utachemsha kwa debe, utasuuza. Maji machafu unamwaga shimoni. Usipeleke kitu mtoni. Umesikia?"

"Ndiyo, memsahib."

Nilisikia vizuri sana. Kwa hivyo msinihurumie.

Wee! Kazi ile ilinitoa machozi. Kinyesi cha mtu mwingine kinaingia chini ya kucha. Unakula ugali, mkono unanuka. Halafu kuni za kuchemshia, halafu ndoo za maji kutoka kwenye tangi, na mpishi anapita nyuma yangu akicheka: "Yaya, leo umepika nini ndani ya debe?" Mimi, msichana wa misheni na viatu vyangu! Niliona nimedhalilishwa.

Ndipo nikaanza kwenda mtoni. Asubuhi, memsahib akiwa bado kitandani, nilishuka na karai langu mpaka mahali penye matete, ambapo hakuna aliyeniona. Nilitumbukiza zote pamoja na uchafu wake. Maji yakabeba. Nepi ikatoka nyeupe, nikaanika, memsahib akanisifu.

Sasa sikilizeni. Mto ule ulipotoka kwenye matete ulipita laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba. Hapo ndipo walipoteka maji ya kunywa. Nilijua! Mimi sikunywa maji yale. Nililala chumba cha nyuma ya jikoni, nikanywa maji ya mvua ya tangi, matamu kabisa.

Huko laini aliishi rafiki yangu Rasoa, mke wa dereva wa trekta. Ni mtu wa kwetu. Nilipofika mgeni, ndiye aliyenipa blanketi lake la pili. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Ezina, aliyekuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta.

Kisha bwana na memsahib wakaenda kutembea ziwani wiki moja, na mtoto wao akarudi akihara. Mama yangu! Kila saa nepi, nyingine kijani, nyingine na damu. Daktari mzungu alikuja, akaacha chupa mbili za dawa. Siku ya nne mtoto akaanza kucheka tena, na chupa moja ikabaki kabatini, haijafunguliwa.

Na zile nepi za siku nne? Ndiyo. Zote nilizipeleka mtoni. Nilikuwa nimefunga pua kwa leso, nimegeuza uso pembeni, nasuuza kwa vidole viwili. Nilijihurumia mimi!

Haikupita wiki, laini yote inahara. Wakubwa walijikaza. Watoto walilegea. Jumapili nilimkuta Rasoa amempakata Ezina, macho ya mtoto yameingia ndani, midomo imekauka.

"Kila nikimpa maji yanatoka," Rasoa akaniambia. "Dada, wewe umesoma. Hii ni nini?"

Wanawake wengine walikuwa pale wakinitazama. Moyo wangu ulijua jibu. Ulijua kabisa! Na mdomo ukasema, "Si ni maziwa ya Kogo? Mnaona kile kibuyu chake kilivyo cheusi ndani?"

Kogo ni bibi kwa Kinandi. Ndivyo sote tulivyomwita mama mmoja mzee aliyefuga ng'ombe wachache pembeni mwa shamba. Kila asubuhi alileta maziwa laini, na asiyekuwa na kitu alipewa kidogo ya mtoto bure. Weusi ule ulikuwa makaa wanayosugulia kibuyu ili kiwe safi. Hata hilo nilikuwa nalijua.

Alipokuja asubuhi iliyofuata walikuwa wakimngoja. Walimnyang'anya vibuyu, wakavipasua kwenye mawe. Mwanamke mmoja akamwita mchawi. Mzee wa watu alikuwa akiuliza tu, "Nimefanya nini? Watoto wangu, nimefanya nini?" Nyapara wa shamba akamwambia asikanyage tena pale. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na gauni langu jeupe. 

Na Rasoa aliendelea kumpa mtoto maji ya mto, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia ubaya uko kwenye maziwa. Ile chupa ya dawa ilikuwa kabatini. Ningemwomba memsahib angenipa, lakini ningeulizwa: ugonjwa umefikaje laini? Nikaogopa swali.

Ezina alikufa siku ya Jumatano.

Nililia matangani kuliko mama yake. Niliimba tenzi! Watu wakasema, tazama rafiki wa kweli. Najichukia nikiandika maneno haya.

Siku chache baadaye Rasoa alipanda mpaka jikoni kwa memsahib, amevaa kitambaa cha matanga kichwani. Alikuwa na kitu kimekunjwa vizuri. Akaninyooshea.

"Nilikiokota pale tunapoteka maji, kimenasa kwenye mizizi," akasema. "Nimekifua. Nilifikiri memsahib akikosa moja atakufuta kazi."

Ilikuwa nepi. Ilikuwa imeniponyoka na sikuwa nimehesabu.

"Asante, dada," nikasema. Nikaipokea. Nikarudi ndani, nikaiweka pamoja na nyingine. Yaani nilifanya hivyo!

 Lakini kuanzia siku hiyo nilinawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka, na bado nilisikia harufu. Jumamosi moja sikuweza tena. Nikashuka, nikamkuta Rasoa akipalilia mahindi yake, nikamwambia yote pale pale nikiwa nimesimama kwenye udongo.

Hakupiga kelele. Aliegemea jembe.

"Nilijua siku niliyokuletea kile kitambaa," akasema. "Nilipokiokota kilikuwa na uchafu. Nilikuja nione uso wako. Nikasema, leo ataniambia. Ukasema asante."

"Rasoa, nisamehe."

"Kwanza twende kwa Kogo."

Tulikwenda, yeye mbele, mimi nyuma. Kogo alisikiliza mpaka mwisho bila kukaa chini. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Wakati wanapasua vibuyu vyangu, wewe ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale, Mama."

 Alimshika Rasoa mkono, akamwingiza nyumbani, wakalia pamoja. Mlango ukafungwa. Mimi nikabaki nje na ng'ombe.

Jumapili baada ya ibada nilisema mbele ya laini nzima, maana Rasoa alitaka hivyo. Walinitemea mate. Kabla ya jioni memsahib alikuwa amesikia, akanifuta kazi, na alikuwa na haki. Nilirudi kwetu kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nyapara alimwendea Kogo kumwomba aanze tena kuleta maziwa. Nasikia alikataa, na watoto wa laini wakakosa. Rasoa hajanijibu hata barua moja. Simlaumu.

Dada zangu mnaolea watoto wa watu na wenu, nawasihi. Nepi ya kitambaa haina ubaya. Ikwangue, ichemshe, mwaga maji shimoni mbali na mto, nawa mikono. Inanuka, ndiyo! Harufu hiyo inaisha kwa sabuni.

Na kama umeshakosea, usitafute mzee wa kumbebesha. Usingoje matanga ndipo ulie. Sema siku ile ile, kwa aibu yako yote, wakati mtoto bado anapumua.