Breki ya Goma

Tarehe nne mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi, kaka yangu Espoir alianguka mlangoni mwa duka alilokuwa akililinda hapa Johannesburg, na hakuamka. Moyo ulisimama. Tulimzika huku huku, maana hatukuwa na njia ya kumrudisha Goma, na mama yetu aliyafuata mazishi kwenye simu ya jirani, picha ikikatika kila mara. Watu wa umri wangu watanielewa nikisema nilichopoteza. Yeye ndiye alikuwa mtu wa mwisho katika nchi hii aliyenijua nikiwa sina meno ya mbele.

Sisi tuliokulia Goma wakati nchi ingali ikiitwa Zaire hatukuwa na vitu vingi vya kuchezea, lakini tulikuwa na mteremko. Mji wote umeinama, volkano iko juu, ziwa liko chini, na katikati ni mawe meusi. Tuliyakanyaga kwenda shule, tukayaangukia wakati wa kurudi. Magoti yetu yote yalikuwa na makovu ya aina moja, hata ungeweza kumtambua mtoto wa Goma kwa magoti kabla hajataja jina lake.

Na kwenye mteremko ule zilishuka chukudu. Kwa asiyezijua, chukudu ni kama baiskeli, ila yote ni mbao: magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, ubao mrefu wa kubebea mzigo, na mikono iliyopinda kama pembe za ng'ombe. Haina kiti wala pedali. Kupanda, unaisukuma. Kwenye tambarare unapiga goti la kushoto juu ya ubao na kujisukuma kwa mguu wa kulia. Kushuka, unasimama na kumwomba Mungu. Breki yake ni kipande cha mpira kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, na mpira huo unaukandamiza kwa kisigino. Wanaume walishuka nazo kutoka vijijini zikiwa na kabeji na magunia ya makaa, mzigo umemzidi mtu kimo, na sisi watoto tulisimama pembeni tukiwashangilia kama vile wamefunga goli.

Espoir alijichongea yake ndogo kwa mti wa mkaratusi. Alipoimaliza, mikono ilikuwa na malengelenge na hakuweza kushika kalamu, akachapwa shuleni kwa mwandiko mbaya. Hakujutia. Mimi nilitaka kuipanda, lakini mama alikwisha tangaza sheria. "Msichana hashuki mlima juu ya mbao. Atashuka kwa miguu yake, polepole, kama watu." Kaka alisubiri mama aende sokoni. Akanipandisha hadi karibu na pale mama mmoja alipokuwa akikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akituuzia ndani ya karatasi za madaftari ya zamani. Tulikula samaki huku tukisoma hesabu za watoto wengine kwenye mafuta, na tuliona kwamba hata wao walikuwa wakikosea. Tulipomaliza, akaniweka kwenye ubao, akanisukuma, akakimbia kando yangu na sandali zake mkononi.

"Kisigino, Neema," alikuwa akisema. "Kisigino kwenye mpira."

Nilibonyeza kisigino, chukudu ikalia kama mbuzi, tukasimama mbele ya geti la padri. Kuanzia siku hiyo mama alikwenda sokoni, na mimi nilishuka mlima. Sidhani kama hakujua. Makovu ya magoti hayafichiki.

Espoir alipofika Johannesburg hakukaa miaka mingi bila mteremko. Alinunua pikipiki ya kupanda porini, nyembamba, ndefu, ya matairi ya meno, na Jumamosi akiwa hana zamu alikwenda nayo milimani pamoja na Riziki. Huyu Riziki ni rafiki niliyempata hapa hapa, kanisani. Naye ni mtoto wa Goma, mdogo kwangu kidogo, na kazi yake ni kupeleka dawa majumbani kwa pikipiki. Mimi nilibaki kwenye cherehani yangu mjini. Kaka alijaribu kunifundisha, Jumapili jioni kwenye uwanja wa kanisa watu wakishaondoka, lakini tuliishia gia ya tatu kwa sababu uwanja ulikuwa umekwisha.

Kwetu pikipiki tunaiita moto. Baada ya msiba nilimwambia Mtanzania ninayekaa naye meza moja kazini, "Moto ya kaka yangu iko uani na wifi haitaki," naye akaacha mkasi akauliza kama tumeshawaita wazima-moto. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mazishi.

Lakini ni kweli wifi yangu Jolie, mjane wa Espoir, hakuitaka. Tunaishi ua mmoja huko Kensington, mtaa mmoja wa jiji hili, yeye na watoto nyumba ya mbele, mimi chumba cha nyuma, na pikipiki ilikuwa katikati yetu, mbele ya dirisha la jikoni lake. Jioni moja akaniita.

"Wifi, kuna Mkenya mwenye karakana Fordsburg, atakuja Jumatatu kuichukua."

Nikauliza kwa nini haraka hivyo.

"Kila nikifungua pazia naona kama amerudi. Nimechoka kurudishiwa mtu ambaye harudi." Alikuwa akimenya viazi na hakuinua macho. "Kama kuna mtu wa kuiendesha, nikaisikia ikitoka na kuingia, hilo naliweza. Kusimama tu pale, siliwezi. Sitaki maiti ya pili uani."

Alikuwa na haki. Mimi niliitaka ibaki, lakini nilitaka ibaki kama picha ukutani, na dirisha lililoitazama picha hiyo halikuwa langu. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia Riziki nikamwambia kwamba nina hadi Jumatatu.

"Basi Jumamosi," akasema. Yaya kwetu ni dada mkubwa, na ndivyo anavyoniita. "Vaa suruali nene, Yaya. Na usije na ile kofia ya kanisani."

Alikuja na bakkie, gari la mizigo la shemeji yake, tukazifunga pikipiki mbili nyuma kwa kamba. Binti wa Espoir, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, alitoka kutuaga akiwa amejifunga blanketi. Nilipomwambia amsaidie mama yake kwa sababu wifi hajalala vizuri, akacheka hadi akakaa chini. Kwao wifi ni ile ya simu, nayo, alisema, inafanya kazi vizuri tu. Nilimuuliza kama angependa kuja kuona mteremko. Aliuliza kama huko kuna mtandao. Sisi tulipoambiwa kuna mteremko, tuliuliza tu kama mama amekwenda sokoni.

Tulitoka jijini kwa upande wa kusini, robot baada ya robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, tukavipita vile vilima vya mchanga wa njano vilivyoachwa na migodi, hadi shamba moja lenye vilima ambapo mwenyewe huwaruhusu watu wa pikipiki. Ilikuwa baridi kavu ya mwezi wa sita. Umande ulikuwa umeganda mweupe chini ya mikaratusi. Upande mmoja wa kilima nyasi zilikuwa zimechomwa, ardhi yote nyeusi, majivu yakipeperuka, na nikasimama pale na kofia ya chuma mkononi nikashindwa kuivaa. Zaidi ya miaka ishirini sikuwa nimeona mteremko mweusi.

"Ni majani tu yameungua," Riziki akasema.

"Najua."

"Basi vaa kofia."

Kupanda hakukunishinda. Riziki alitangulia, mimi nikafuata katika gia ya pili, mawe yakirukaruka chini ya tairi, mikono ikitetemeka hadi mabegani. Pikipiki ilinuka petroli na, naapa, ilinuka kaka yangu: ile glavu yake ya mkono wa kulia, niliyokuwa nimeivaa, ilikuwa bado ina harufu ya mafuta aliyojipaka viganjani wakati wa baridi. Tulipita njia nyembamba kati ya vichaka, tukavuka kijito chenye barafu pembeni, nikalowa hadi magotini na sikujali. Juu kabisa tukazima injini. Jiji lilionekana mbali, lile jengo refu la mviringo na mnara, moshi mwembamba juu ya vitongoji, na kimya ambacho Kensington hakipo.

Kisha ikabidi tushuke.

"Angalia mbali, Yaya. Usiangalie gurudumu. Gia ya kwanza, na mguu wa kulia ukanyage breki taratibu. Mbele ya mguu, hapo. Unaiona?"

Niliiona. Nilisema naiona. Nikaanza vizuri, na mwendo ukaongezeka kidogo, na mawe meusi yakaanza kunijia, na mwili wangu haukungoja kuniuliza. Mguu wa kulia uliacha breki, ukaenda nyuma, kisigino kikatafuta mpira juu ya gurudumu. Hakikupata kitu isipokuwa tairi la meno linalozunguka. Pikipiki ilikwenda upande wake na mimi upande wangu, nikateleza juu ya majivu kwa tumbo na kusimama uso ukiwa ndani ya kichaka.

Riziki alishuka mbio. Alinigusa shingo, mabega, miguu, akaniambia nichezeshe vidole, nikavichezesha. Alipoona ni mzima, akakaa chini kwenye majivu na kuanza kucheka, machozi yakimtoka.

"Ulikuwa unatafuta nini huko nyuma?"

Niliona aibu kusema. "Mpira," nikasema.

"Breki ya Goma." Alijifuta uso na kuuchafua zaidi. "Eish, Yaya. Na wewe pia."

"Pia nini?"

"Espoir. Siku ya kwanza nilipomleta hapa. Hapa hapa, labda jiwe hilo hilo. Kisigino nyuma, mtu kichakani. Nikamuuliza, ndugu, unapiga teke nini? Akasema anatafuta mpira. Mwezi mzima alikuwa akitoa mguu. Mara nyingine hata mwaka huu, akichoka, nilikuwa naona kisigino kinakwenda."

Tangu azikwe, kila mtu alinisimulia yale niliyoyajua: alikuwa mwema, alikuwa mcheshi, alipenda watoto. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakubali kwamba yote ya kumjua nimekwisha yajua, na kilichobaki ni kuyahesabu yasipotee. Na sasa nilikuwa nimekaa kwenye majivu, mdomo umejaa vumbi, nimepewa kipya. Nilimwona kabisa, na ukubwa wake wote ule na sare ya ulinzi, akitafuta kwa kisigino kipande cha mpira alichokipigilia mwenyewe akiwa mtoto.

Nililia kidogo. Riziki hakuninyamazisha. Aliinyanyua pikipiki, akanyoosha usukani uliokuwa umepinda, akangoja.

Nilishuka tena. Safari hii niliimba moyoni, mbele, mbele, mguu uko mbele, na kisigino kilitaka kwenda nikakikatalia. Nilifika chini. Tukapanda, tukashuka, tukapanda. Kufikia mchana nilikuwa nimeanguka tena kwenye mchanga, bila madhara, na nilikuwa na njaa ya kitoto, ile isiyochagua. Tulikula mkate na maharage ya baridi juu ya mgongo wa gari, tukibishana kuhusu sambaza, kama walikaangwa na unga au bila unga. Riziki anasema na unga. Anakosea.

Sitadai kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora. Tulichapwa sana, tulikosa sana, na wengi tuliocheza nao hawakufikia umri huu. Lakini mteremko tuliupata kwa kufungua mlango tu. Siku hizi inabidi uazime gari, uvae kofia ya chuma na ngao ya kifua, uendeshe mwendo mrefu kwenda mahali pa kuteleza. Na zamani ukianguka, mtaa mzima ulitoka kukutazama, mmoja akakuosha goti, mwingine akaenda kukusemea kwa mama. Hapa nimeishi miaka mingi na jirani zangu sijui majina yao. Wale watoto wa kaka, wasio na kovu hata moja gotini, huwa nawatazama nisijue kama niwafurahie au niwaonee huruma. Pengine vyote viwili.

Tulirudi jua likielekea kushuka. Nilimwomba Riziki asimamishe gari mwanzo wa kichochoro kinachopita nyuma ya nyumba zetu. Leseni sina na barabarani nisingeingia, lakini kichochoro kile hakina magari. Tukaishusha pikipiki. Nikaiwasha, nikaenda nayo polepole hadi geti la nyuma, mlio ukigonga kuta pande zote mbili. Nilipokaribia, nilijua wifi anasikia, na ghafla nikaogopa kwamba nimemfanyia ukatili.

Alikuwa amekwisha fungua geti. Alisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi, akaangalia pikipiki iliyojaa matope na majivu, kisha akaniangalia mimi. Nikazima injini.

"Umeanguka?" akauliza.

"Nimeanguka, wifi."

"Na ukapanda tena?"

"Nikapanda tena."

Alinyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye injini, akakitoa haraka kwa sababu ya joto, akakiweka tena. Kisha akachukua simu mfukoni mwa aproni, akabonyeza, akageukia ukuta.

"Baba, habari za jioni. Ni mimi, mke wa marehemu Espoir, wa Kensington. Ile moto, samahani, Jumatatu usijisumbue kuja. Hapana, sijaiuza kwa mwingine." Alisikiliza. "Hapana, si bei. Ina mtu."

Alikata simu. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema jikoni kwake sitaingia na majivu yale. Nikakaa kwenye ngazi, nikavua viatu.