Nilimkataza Ambakisye Kuchoka

Kosa ni langu. Msinitafutie visingizio, nilikwisha kuvitafuta mwenyewe, na kwa elimu yangu ya chuo kikuu nilivipata vingi. Havikunisaidia.

Mimi ni mwalimu huku Kyela, mtu wa makamo, mwenye miwani na kitambi. Niliporudi kutoka masomoni Uganda nilijiona mtunzi. Nikaandika igizo la kiongozi wa kijiji kilichozungukwa na mafuriko. Watu wanakata tamaa, yeye hakati. Watu wanalia, yeye anawaambia, "Tutavuna!"

Nafasi hiyo nilimpa rafiki yangu wa tangu utoto, mkulima wa mpunga wa Ngana. Nitamwita Ambakisye, ingawa si jina lake. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto Songwe akaitika. Tulicheza barazani mwa shule, shuka zangu za kitanda zikiwa pazia. Watu walishangilia hadi kuku wakakimbilia migombani. Nami nikavimba kichwa. Ole wangu!

Mwaka ule mto ulifurika kweli. Mpunga ukaenda na maji. Na watu wakaanza kwenda kwa nani? Kwa Ambakisye! Msiwacheke. Chifu aliwaambia wasubiri, Bwana Shauri wa serikali hakufika kwa sababu ya matope; Ambakisye peke yake ndiye waliyemsikia akisema watavuna.

Mwanzoni alicheka. "Mama, yale yalikuwa maigizo. Mwalimu ndiye aliyeandika."

Mjane mmoja akamjibu, "Lakini mdomo ulikuwa wako, tata, baba yetu."

Hapo akaacha kucheka. Akaanza kuwagawia mbegu zake. Akashinda akizibua mifereji ya wenzake, huku shamba lake limelala chini ya tope. Akakonda. Siku moja akaja kwangu.

"Mwalimu, tukicheza tena, niandikie mahali pa kukaa. Nikae kidogo tu, niseme nimechoka."

"Kiongozi hachoki," nikamjibu. Nilikuwa nakunywa chai!

"Gwe, hata ng'ombe hulala."

"Basi kamtungie ng'ombe igizo lake."

Nikacheka. Peke yangu.

Tulicheza tena Jumapili, baada ya ibada. Waliopoteza mpunga walikaa mbele kabisa. Alipofika kwenye "Tutavuna", sauti haikutoka. Akawatazama. Akakaa chini kwenye saruji, akafunika uso, akalia. Wala hakulia kiigizaji: alilia kwa kwikwi, na makamasi juu.

Kwetu mwanamume hulia msibani, na akilia huko wanawake humpokea kilio. Basi wanawake wa mbele wakapokea. Uwanja mzima ukaomboleza, na maiti hakuna!

Nilitakiwa kufanya jambo moja tu: kwenda kukaa naye pale chini. Anayelia haachwi peke yake. Hata mtoto wa Kinyakyusa analijua hilo. Mimi, msomi, nilitoka nyuma ya shuka nikipiga kelele: "Simama! Unaniharibia igizo! Kama ni kulia, nenda kwa mama yako!"

Kilio kikakatika. Kisha mtu mmoja akacheka. Akafuata mwingine. Wale wale aliowagawia mbegu! Nadhani kucheka kulikuwa rahisi kuliko kuendelea kulia. Ambakisye akainuka, akapita katikati yao, mgolole wa kiongozi ukiwa bado begani.

Tangu hapo akipita sokoni: "Shikamoo, Bwana Tutavuna!" Hatimaye akaacha kupita.

Nilikwenda Ngana nimechelewa mno, na kuku mkononi. Mkewe alinizuia mlangoni.

"Hataki kukuona. Siku hizi hata chakula hakiombei kwa sauti. Kanisani anafungua mdomo, wimbo hautoki. Umeridhika, mwalimu?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Ungeiomba siku ile, mbele ya waliocheka. Hapa nani atakusikia? Ndaga, asante. Rudi na kuku wako."

Nikarudi naye.

Ndiyo maana naandika hapa gazetini, mbele yenu. Jina langu silitaji, na huo nao ni woga, naujua. Lakini wengi wenu mlikuwepo, na mlicheka. Mimi niliwaanzishia; sikuwalazimisha. Kama mna mbegu zake ghalani, mpelekeeni, na mkifika msimwombe aseme neno.

Nasikia kuna mwalimu mwenzangu huko Bondeni anayetafuta mtu wa sauti nzito acheze mkombozi wa watu. Ndugu yangu, cheza mwenyewe. Simama mbele ya watu wenye njaa, watazame machoni, uwaambie watakula. Kisha nenda nyumbani, nao wakufuate hadi mlangoni.