Nilisoma Kiingereza kwa kufuata herufi, interview ikanikuta niko D

Wakuu, nawasalimu wote humu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikikwaruza, ila uongo hamtaupata. Haya yamenifika mimi mwenyewe.

Nafanya kazi laundry kwenye hoteli moja Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja. Kwangu ni Mji Mkongwe, na mke wangu Zuwena na binti yetu Nasra wa miaka sita wako huko. Mimi nalala vyumba vya wafanyakazi, nyumbani naenda siku ya off tu.

Mzazi atanielewa. Ilifika mahali Nasra ananipokea kama mgeni, nikibisha hodi anakimbia kumwita mama yake kwanza. Iliniuma sana.

Basi hoteli ikatangaza nafasi ya reception kwenye nyumba yao ndogo ya wageni Mji Mkongwe. Wafanyakazi wa ndani wanaanza, interview baada ya miezi minne, sharti uzungumze Kiingereza. Kutoka pale mpaka mlangoni kwangu ni dakika tano kwa miguu. Nikasema hii ni yangu.

Hapa kijijini Kiwengwa kuna mwalimu mstaafu, tumwite Mwalimu Haji. Anafundisha kila siku baada ya Alasiri, barazani kwake. Mfumo wake sijauona kwengine. Anafundisha Kiingereza kwa herufi: maneno yote ya A na maana zake mpaka yaishe, ndipo aingie B.

Tunasoma kwa sauti moja, vile vile tulivyosoma Kurani chuoni tulipokuwa wadogo. Yeye anataja neno, sisi tunaitikia maana. Abandon, kutelekeza! Abate, kupungua! Abbess, mkuu wa watawa wa kike!

Wakuu, mimi nafua mashuka. Huyo abbess nitakutana naye wapi?

Lakini ndivyo tulivyolelewa, kitu kikishakaa kifuani ndio umekijua. Anayemaliza herufi anasimama anaisoma yote bila daftari, wenzake wanamwambia mashaallah, na siku hiyo inaliwa halua na kahawa. Mimi nilikuwa wa kwanza kumaliza A. Nikamaliza B, nikamaliza na C ambayo nilidhani haina mwisho. Kichwa kikavimba.

Bi Mwanaisha, mwenzangu wa laundry na mwenyeji wa hapo hapo Kiwengwa, alidumu siku tatu tu. Zamani alikuwa akilima mwani, na watalii walikuwa wakimfuata mpaka ndani ya maji kumuuliza maswali. Siku ya tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mgeni akinambia tumbo linamuuma, nnamjibu vipi?"

"Tumbo liko S, Bi Mwanaisha. Subiri zamu yake."

"Mgeni tumbo linamuuma leo, Mwalimu. Haliingoji hiyo S."

Akajitanda kanga yake, akaondoka. Tukamcheka. Na mimi ndiye niliyecheka zaidi, nalisema hilo kabla hamjaanza kunihurumia.

Siku ya interview nilikuwa nimeshaingia D.

Meneja, mama mmoja mtaratibu, akasema tutaigiza. Yeye ni mgeni, bomba la bafuni limepasuka, maji yamejaa chumbani, mimi niko reception. Akaanza kulalamika kwa Kiingereza, haraka haraka.

Sasa shower naijua. Towel naijua, nazifua kila siku ya Mungu. Lakini mtu ukishikwa na woga, kinachotoka ni kile ulichokariri. Nikasimama wima, mikono nyuma, nikasema:

"Madam, calamity! I am aghast. A deluge! I will not abandon."

Calamity ni balaa, aghast ni kushtuka mno, na deluge ni gharika, kama ile ya Nabii Nuhu.

Meneja akainamisha uso mezani, mabega yanatikisika. Nikadhani nimemgusa. Nikaongeza, "Catastrophe!"

Baada yangu akaingia Bi Mwanaisha, kumbe naye aliiomba nafasi hiyo hiyo. Mlango ulibaki wazi, nikamsikia vizuri.

"Sorry, mama. You sit here, drink juice. I go look now. I give you other room."

Basi, kwisha. Maneno ambayo mtoto wa nasari anayo. Kazi akapewa yeye.

Nikaenda kwa Mwalimu Haji nafoka. Shikamoo nilimpa, adabu sikuitupa, kisha nikamwaga yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa upole:

"Umeharakia, mwanangu. Ungengoja tufike R. Reception iko huko."

Nikamuaga, nikarudi kwenye mashuka yangu.

Mngedhani yameisha. Wiki ile ile Bi Mwanaisha akanijia, haya imemjaa usoni. Mjini hana ndugu.

"Seif, nshatafuta pa kukaa mpaka nshachoka. Bi Zuwena hatonikubali japo wiki mbili?"

Ningesemaje? Tumefua pamoja miaka, na kosa si lake. Nikampigia Zuwena, akakubali hata sijamaliza kueleza.

Kwa hiyo hali ndiyo hii. Mtu wa Kiwengwa analala kwangu Mji Mkongwe, anaenda kazini kwa miguu dakika tano. Mtu wa Mji Mkongwe nalala Kiwengwa, na mama yake Bi Mwanaisha ananiletea muhogo wa nazi kila Ijumaa kwa shukrani. Muhogo mtamu, nakiri, lakini naula nimenuna. Zile wiki mbili sasa ni miezi mitatu.

Nilichojifunza: lugha anza na kile utakachohitaji kukisema kesho asubuhi. Na mwenzako akiuliza swali la maana darasani, usimcheke, muulize na wewe.

Kama kuna mtu huku Kiwengwa wa kunizungumzisha Kiingereza, kuzungumza tu, asije na daftari, aandike hapa chini. Wanaotaka kunicheka nao waandike, nimeshazoea.

Kilichonifanya nilete uzi huu ni simu ya juzi. Nilipiga nyumbani akapokea Nasra. Siku hizi Bi Mwanaisha anamfundisha jioni akirudi kazini. Mtoto akaniuliza, bila kusita hata kidogo:

"Baba, when you come home?"

Wakuu, kila neno nililielewa. Jibu ndilo sikuwa nalo.