Nilivyomtafsiria Bi Zuwena Mpira wa Kimarekani

Nilikwenda Maskati kwa sababu ya ugomvi usionihusu. Kazi yangu Dar es Salaam ni kutafsiri filamu: picha inacheza kwenye runinga, mimi nimeshika kipaza sauti, nasema kwa Kiswahili yale yanayosemwa kwa Kiingereza, na utani kidogo natia. Bi Zuwena, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, aliwahi kunisikia alipotembelea jamaa zake Ilala. Sasa mjukuu wake, Haitham, anakwenda kusoma Marekani, na anataka kucheza mpira wa kule, ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana. Hataki kuucheza bila radhi za bibi yake, naye bibi hatoi radhi kwa kitu asichokijua. Kiingereza nyumbani kwao wanakijua, ila kila anayemtafsiria anavutia kwake. Akasema aletwe mtu wa nje.

Ndani ya ndege nilizitazama kwenye simu filamu mbili walizonitumia. Ya kwanza ni ya kubuni: kijana anaangushwa, muziki unapanda, anainuka, timu inashinda. Ya pili ni ya watu wa kweli, wachezaji wa zamani, na mmoja wao, ubongo umeharibika kwa kugongwagongwa, anamtazama mwanawe wala hamjui. Sheria za mchezo sikuzielewa hata kidogo. Chakula cha ndegeni nikakirudisha kilivyo.

Uwanja wa ndege wa Maskati nilipokewa na Haitham mwenyewe, kijana wa mabega mapana na adabu tele. Njiani akaniomba kwa upole nisiikoleze ile filamu ya pili. Tulipofika kwao, Khuwair ya Kusini, mama yake, Bi Asila, akasubiri nimalize kunawa mikono, akaniomba niikoleze hiyohiyo. Nikawajibu wote wawili "Inshallah", na nikajiona mnafiki.

Baada ya sala ya alasiri tulikaa ukumbini. Bi Zuwena alikuwa karibu kabisa na runinga, kikombe cha kahawa mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanipa sharti moja.

"Mwanangu, mie nnataka kujua. Usinipambie."

Filamu ya kwanza ilikwenda vizuri. Nilipokwama kwenye sheria nilisema wazi kuwa sijui, na Haitham akaeleza: wanapewa nafasi nne za kusogeza mpira, wakishindwa mpira wanachukua wapinzani. Kijana wa kwenye filamu alipoinuka, Bi Zuwena akapiga makofi, na Haitham akanitazama kwa furaha. Mimi niliyakwepa macho yake, maana nilijua kinachofuata.

Katika ile ya pili tukafika kwa mke wa mchezaji. Yuko jikoni, anamkatia mumewe nyama vipande vidogo huku akizungumza. Kila neno nililielewa, na sauti ikagoma. Bi Asila alinikazia macho. Haitham aliinama.

"Mbona umenyamaza?" Bi Zuwena akauliza. "Mke anasemaje?"

Ningeweza kusema anakumbuka ujana wao, nikapita. Niliogopa kweli.

"Anasema kila mumewe alipoanguka, yeye alikuwa jukwaani anampigia kelele ainuke."

Bi Zuwena aliweka kikombe chini. Filamu ilipokwisha alimwita Haitham, akamshika kichwa kwa mikono yake miwili.

"Kusoma, radhi zangu n'shakupa. Mpira huu sikupi. Nimempigia makofi mtoto wa watu hapa sasa hivi, Haitham. Wewe mie siwezi kukupigia."

Haitham akambusu mkono, akatoka. Bi Asila alilia, na nadhani hata yeye hakujua kama ni kwa raha au kwa uchungu wa mwanawe.

Kesho yake Haitham ndiye aliyenirudisha uwanja wa ndege. Njia nzima alikaza macho barabarani. Nilikuwa na hakika ananichukia. Alinishushia begi, akasimama.

"Kaka, lile neno la yule mke, ungeweza kuliruka?"

"Ningeweza."

"Mie huliruka," akasema. "Filamu ile nimeitazama mara nyingi. Kila nikifika pale jikoni, naipeleka mbele."

Muda wote huo nilidhani hofu ile nimeiingiza mimi nyumbani kwao. Pale mlangoni mwa uwanja wa ndege ndipo nilipojifunza kwamba yeye alikuwa nayo tangu zamani, peke yake. Nikamkumbatia. Hakuniachia upesi.