Mkutano wa Manesi Ghorofani

Leo Korogwe nimekasirika mpaka kofia imehama kichwani.

Chama cha manesi kinachagua katibu. Mjukuu wangu Zaina, nesi anayetembea kwa magongo, anagombea. Mkutano wameuweka ghorofani, ngazi tupu, lifti hakuna.

Mwenyekiti kachungulia dirishani: "Dada, kaa hapo chini, tutakuombea kura."

Nikataka kumbeba Zaina mgongoni. Mimi huyu nimebeba katani shambani Ngombezi, vijana wakashindwa kunifikia.

"Babu, mimi si mzigo. Nataka wanisikie."

Basi nikapaza sauti: "Nyie wenye miguu shukeni, au mnajua kupanda tu?"

Wakashuka, wanacheka kwa aibu. Zaina akajieleza palepale juani.

Matokeo bado.

Lakini hivi jamani, watu wanaotibu miguu ya wenzao kila siku, ngazi hawakuziona?